Kwa Kafi Kutoka Matema Hadi Ikombe

Familia nyingi za Kiislamu za Tunduma na Vwawa huijua barabara ya Mbeya kwa biashara na matibabu tu. Wachache huipita Uyole, wakapanda Tukuyu penye migomba na chai, kisha wakateremka Kyela hadi Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Masafa hayo yanazidi kilomita 200, hivyo ni vyema kulala Kyela na kuondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Hivyo ndivyo tulivyofanya mwezi Juni, wazazi na vijana wa msikiti wetu, kwa michango yetu wenyewe bila kugusa mfuko wa msikiti.

Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, na kina chake hufikia takriban mita 700. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji, na mahali pengine mwamba hutumbukia ziwani bila kuacha hata ukanda wa mchanga. Aliye ndani ya mtumbwi chini ya milima hiyo huuona udogo wake bila kuhubiriwa.

Tulikuwa watu tisa, na mitumbwi ilikuwa miwili. Maboya ya abiria yalikuwa sita. Kijana wetu mmoja akasema, "Mzee, mimi naogelea vizuri, na Mungu yupo." Mzee mwenye mtumbwi akamjibu kwa upole, "Yupo, mwanangu, naye ndiye aliyekupa masikio. Asiye na boya atangoja." Ustadhi wetu akatukumbusha Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Watatu wakangoja zamu ya pili, na yule kijana akawa mmoja wao.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, mashuhuri kwa ufinyanzi. Wanawake hulifinyanga udongo kwa mikono, bila gurudumu, wakavianika vyungu na kuvichoma. Siku ya Jumamosi huuzwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema, vikiwa vimevushwa kwa mitumbwi. Tulimkuta mama mmoja akipanga vyungu vyake mtumbwini, kimoja kimoja, akitia nyasi katikati visigongane. Mabinti zetu walimtazama kwa muda mrefu. Nami nikawaza: ikiwa chungu hulindwa hivi, mtoto wa Muislamu alindwe vipi?

Kabla ya adhuhuri mzee alitazama kusini, akaamuru turudi. Huo ni msimu wa Mwera, upepo wa kusini-mashariki unaoinua mawimbi makubwa. Tulitamani kubaki, lakini amiri wa safari juu ya maji ni yule ayajuaye maji. Tulipoteremka wa mwisho Matema, ziwa lilikwisha kuchafuka. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa.

Kamati na wazazi wanaopanga safari kama hii, hesabuni maboya kabla ya kupatana bei, na mtiini nahodha hata akiifupisha furaha yenu. Surat Yunus, aya ya 22 na 23, inawataja wanaomlilia Allah dhoruba inapowazunguka, kisha wakamsahau wakiokoka. Atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomkumbuka hata maji yakiwa shwari.