Kujua si Kutenda

Msomaji mpenzi, huenda umepata kukaa usiku wa kuamkia mtihani, kitabu kikiwa wazi mbele yako, ukijua vema kwamba yakupasa kusoma, na hata hivyo ukalala bila ya kugeuza ukurasa. Siku hiyo hukukosa akili, wala hukukosa haja ya kufaulu. Kati ya kujua na kutenda pana bonde, na wengi wetu hukaa ng'ambo ya huku tukiitazama ng'ambo ya pili kwa macho tu. Nataka kukueleza jinsi bonde hilo lilivyokaribia kuninyang'anya mama yangu.

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu nilifunzwa katika chuo cha ualimu, na huko nilitoka na imani kwamba mtu akifahamishwa jambo jema, atalifuata. Basi mama yangu alipopimwa kijijini kwetu, katika Kaunti ya Kwale, akaonekana ana shinikizo la damu, nilimfanya mwanafunzi wangu. Nilimweleza habari za moyo na mishipa. Nilimwonya juu ya chumvi. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba ameze kidonge kimoja kila asubuhi, nikaibandika karatasi hiyo ukutani. Kila nilipokwenda likizo nilimwuliza maswali, naye aliyajibu yote sawasawa. Nikarudi kazini moyo umetulia.

Mwaka wa pili akapatwa na kiharusi. Mungu alimnusuru roho, lakini mkono wake wa kushoto ulilegea. Nilipokuwa nikitafuta kanga zake za kupeleka hospitalini, nilikuta ndani ya kasha mfuko wa vidonge vya miezi mitatu, havikuguswa. Nilikasirika kuliko inavyompasa mtoto kumkasirikia mzazi, nikamwuliza mbele ya wagonjwa wenziwe, "Mama, si nilikufundisha?"

Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, sikuidharau dawa. Lakini mtu aumwaye hukumbushwa na maumivu yake. Mimi sikuumwa na kitu. Asubuhi nilisema nitameza jioni, na jioni nikasema kesho. Tena siku moja nilichelewa kwenda kuchukua dawa, nikakaripiwa mbele za watu. Tangu hapo miguu ikawa mizito." Kisha akaniuliza, "Na wewe mwalimu, shinikizo lako ni kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Mara tatu mwaka ule nilikuwa nimeipita meza ya kupimia watu bure, na kila mara nilijiambia kwamba nitarudi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee. Nami niliyeifundisha methali hiyo darasani sikuwa mbora kuliko mama.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma habari za elimu iitwayo uchumi wa tabia. Wataalamu wengi wa uchumi wa zamani walimfikiria binadamu kuwa ni mtu apimaye faida na hasara, kisha akachagua lililo bora. Wengine, kama Daniel Kahneman, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na Richard Thaler, aliyeipata mwaka 2017, walimtazama binadamu kama alivyo. Waliona kwamba tunaipenda raha ya leo kuliko afya ya kesho, tunasahau, tunaona haya, na twafuata njia iliyo nyepesi. Kwa hiyo, walisema, ukitaka kumsaidia mtu atimize analolitaka mwenyewe, usimwongezee hotuba. Mpunguzie uzito wa njia.

Mfano mmoja ulitoka hapa hapa Kenya. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti waliwapelekea baadhi ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI ujumbe wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" kabla ya saa 48 kupita, na muuguzi alimpigia simu aliyejibu "Shida" au aliyekaa kimya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika kila wagonjwa 100 waliopata salamu hiyo, 62 walisema wamezifuata dawa zao ipasavyo. Miongoni mwa wasioipata, walikuwa 50. Tazama, msomaji, salamu ile haikufundisha kitu kipya. Ilimwambia mgonjwa kwamba yuko mtu anayemngoja.

Hata hivyo usidhani kwamba hila ndogo zatosha kwa kila jambo. Katika wilaya ya Udaipur nchini Uhindi, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichunguza chanjo za watoto. Katika vijiji vilivyoachwa vilivyo, watoto 6 tu katika 100 walikuwa wamemaliza chanjo zao. Kambi za chanjo zilipoanza kufika kila mwezi bila ya kukosa, idadi ilipanda kuwa 18. Na mzazi alipopewa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na sahani za chuma mtoto alipomaliza zote, ilifika 39. Dengu zilikuwa na kazi yake, lakini zilihitaji kwanza muuguzi awepo na dawa iwepo. Kumkumbusha mgonjwa aende mahali asipopata dawa ni kumdhihaki.

Liko jambo jingine lililonitia mashaka. Ndugu mmoja alinishauri nimtilie mama dawa katika uji bila ya kumwarifu. Nilivutwa na shauri hilo kwa usiku mzima, maana niliogopa kumpoteza. Lakini kulipopambazuka niliona kwamba kumwongoza mtu ni jambo moja, na kumdanganya ni jingine. Aongozwaye aweza kusema hapana. Adanganywaye amenyang'anywa ulimi wake. Mwili ni wa mama, na uamuzi ni wake.

Basi niliiondoa karatasi yangu ukutani, nikaketi naye, nikamwuliza, kwa mara ya kwanza, ni nini kitakachomrahisishia. Akachagua mwenyewe. Kopo la dawa likawekwa kando ya birika, kwa kuwa hapitishi asubuhi bila ya chai. Siku ya kuchukua dawa tuliomba ihamishwe iwe Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku aendayo sokoni kukutana na akina mama wa chama chake, nao hupitia zahanati pamoja. Na mjukuu wake wa miaka saba alipewa kazi ya kuuliza kila asubuhi, "Bibi, tayari?" Mkono wake haujarudia nguvu zake za kwanza, wala sitaraji kwamba utarudi. Lakini lile kasha sasa lina kanga tu. Nami nilikwenda kupimwa, tena nilikwenda na mwalimu mwenzangu, ili kila mmoja wetu aone haya kurudi nyuma.

Msomaji kijana, elimu unayoipata shuleni ni hazina, wala sikuambii uidharau. Nakuambia tu kwamba haitembei peke yake. Yataka kutengenezewa njia. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee mwenye dawa za kila siku, usimwulize kama anajua faida ya dawa. Mwulize kwa adabu dawa yake imewekwa wapi, na ni nani amkumbushaye.