Ndege na Mbalame

Dzaleka ni kambi inayopigwa picha sana. Tangu ilipofunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza zama za Rais Banda, wageni hawajaacha kuja na kamera zao: wa mashirika, wa magazeti, na tangu 2014 wale wanaofuata tamasha la Tumaini Letu. Sisi tuliokulia hapa tumezoea kusimama mbele ya kamera, na tunajua kutabasamu tukiombwa. Lakini ziko pia picha tulizopigwa tusijue. Mimi nimewahi kujiona katika ripoti moja, nimeinamia ndoo kisimani, mdomo wazi, na chini yake maneno mawili matatu kuhusu shida ya maji. Aliyenipiga sikumwona. Lazima alikuwa mbali.

Kwa hiyo nilipopata lenzi ndefu mkononi, sikuanza kwa kuuliza kama ni nzuri. Nilitaka kujua inaona mpaka wapi.

Lenzi yenyewe ni Sigma ya milimita 150 hadi 600, mali ya mwalimu mgeni aliyetufundisha kupiga picha, akatuachia kwa wiki mbili. Ina uzito wa kilo mbili kasoro kidogo. Tuliifunga kwenye Canon 700D ya kikundi chetu, kamera ambayo kazi yake ya kawaida ni harusi na ubatizo. Ukitaka kuelewa nguvu yake, nyoosha mkono mbele yako na utazame kidole gumba. Upana wa kidole hicho ndio upana wa picha nzima, lenzi ikivutwa mpaka mwisho. Kwa umbali wa mita 30, picha inabeba kipande cha mita moja na ushei tu.

Jioni ya kwanza niliijaribia mlangoni kwetu. Ng'ambo ya njia, mita mia hivi, jirani yetu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kwa macho matupu ungesema anachambua maharage. Ndani ya lenzi niliona hana ungo wala maharage; alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Nilishusha kamera bila kubonyeza kitu. Baadaye mama alinituma kwake na chumvi nikaenda, tukaamkiana kama kawaida, na mimi nikiwa na jambo lake kichwani ambalo hakunipa.

Nikaona afadhali nitafute ndege.

Wamalawi huita dambo lile bonde la majani linalotuama maji baada ya masika. Karibu na Lumbadzi yako madambo kadhaa, na mwezi wa nne bado yana vidimbwi. Tulitoka gizani mimi na mtoto wa shangazi yangu, kijana aliyefika mwaka jana kutoka Fizi, ambaye Chichewa chake bado ni cha sokoni: bei, chumvi, asante. Yeye alibeba kamera. Mimi nilibeba mfuko wa maharage ambao mama alinihesabia kwa vikombe kabla sijatoka, maana lenzi ya kilo mbili huwezi kuishika hewani nusu saa nzima. Unaulaza mfuko juu ya goti au kichuguu, unailaza lenzi juu ya mfuko, nayo inatulia kama mtoto mgongoni.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumpata ndege mwenyewe. Unamwona vizuri pale, unaweka jicho kwenye kamera, hayupo. Ni majani matupu, halafu maji matupu, halafu unyoya unaopita. Dawa yake ni kuanza na 150, umweke katikati, kisha uvute taratibu mpaka 600 huku jicho la pili liko wazi. Mwanga nao ni tatizo. Ikivutwa mpaka mwisho, lenzi hii haifunguki zaidi ya f/6.3, na alfajiri ya dambo ni hafifu. Ukitaka kasi ya 1/1000 ya sekunde ili shingo isitoke na ukungu, inabidi upandishe ISO mpaka 1600 au 3200, na picha inaota chengachenga. Ndege mweupe juu ya maji meusi huidanganya kamera. Inadhani kote ni giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanageuka karatasi tupu. Tulipunguza mwanga hatua moja, yakarudi. Na ikifika saa tatu asubuhi, funga virago. Ardhi ikishapata joto hewa inachezacheza juu ya majani, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuituliza.

Tulipata yangeyange, tena wengi. Tulipata fundichuma mmoja, akitembea na kichwa chake cha nyundo kama fundi aliyepoteza msumari. Lakini ndege niliyesahau kwa ajili yake baridi na mbu alikuwa yangeyange mweusi. Huyu hunyata hatua mbili, anainama, kisha ghafla anafungua mabawa yote mawili mbele na kuyakutanisha mpaka kichwa kinafichika. Anakuwa mwavuli. Anakaa hivyo sekunde mbili tatu, samaki wadogo wakifuata kivuli na yeye akiona majini bila mng'ao wa jua, anadona, mwavuli unafungwa. Hatua mbili tena, mwavuli. Kwa macho tuliona tu kitu cheusi kinachofumba na kufumbua. Lenzi ilitupa miguu: vidole vya manjano kabisa, kama amekanyaga rangi. Nilipiga picha zaidi ya 60 na hakugeuka hata mara moja. Tungejaribu kumkaribia hatua kumi tu, angeruka.

Hapo ndipo mzee mmoja alipotokea nyuma yetu na baiskeli yenye gunia la mahindi.

"Mukujambula chiyani?" aliuliza. Mnapiga picha ya nini?

Mtoto wa shangazi alifurahi kwamba swali hili kalielewa. Akajibu upesi, kwa neno letu: "Ndege!"

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili mtanielewa. Sisi tuna neno moja kwa kile chenye manyoya na kile chenye injini, na hatujawahi kuona taabu. Chichewa kimechukua neno hilohilo, lakini kikalipa kazi ya pili peke yake. Ndege ni eropleni. Aliye na manyoya ni mbalame. Na Lumbadzi ndiko uliko uwanja wa kimataifa wa Kamuzu. Zile za abiria hupita juu ya madambo haya zikienda kutua. Basi fikiria alichokiona yule mzee: vijana wawili wageni, wamelala kwenye majani alfajiri, na bomba jeusi refu kama mkono, wakimwambia wanapiga picha za eropleni. Sheria haituruhusu kuishi nje ya kambi, na ni mwaka 2023 tu serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa mijini na vijijini warudi Dzaleka. Neno moja kwa polisi lingetosha.

Mzee alitazama upande wa uwanja. Akatutazama sisi.

"Mbalame, bambo," nilisema. "Osati ndege. Mbalame."

Hakujibu. Alilaza baiskeli, akaja, akanyoosha mkono. Nikampa kamera yote, si kumwonyesha tu, nikamfundisha kitufe cha kwenda mbele. Akapitisha picha moja moja. Kwenye yangeyange akasema "kakowa", kwa sauti ya mtu anayekagua risiti. Kwenye mwavuli akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Akasema amelima dambo hili tangu ujana na miguu ya yule hajawahi kuiona.

Kisha akataka picha yake.

Sasa lenzi hii haishiki kitu kilicho karibu kuliko mita 2.8. Nilirudi nyuma, mzee, akidhani nataka tusogeleane, akanifuata. Nikarudi tena, matope mpaka kifundoni, naye akanifuata. Mtoto wa shangazi akamshika bega kwa adabu akamsimamisha. Niliishusha lenzi mpaka 150, nikapiga. Uso ulijaa pembe hadi pembe, kila mvi ya kidevu mahali pake.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Na baiskeli iko wapi?" akauliza.

Tukatoa lenzi ndogo ya harusi mfukoni. Nikasimama hatua mbili mbele yake, naye akashika usukani.