Siku Tano na Mkokoteni wa Baba

Kwetu Ushetu, mkokoteni wa ng'ombe ndio gari la nyumbani. Unabeba mpunga kutoka mbugani, maji wakati wa kiangazi, tumbaku kwenda chama cha msingi, na mgonjwa usiku pikipiki ikikosekana. Kaya isiyo nao inakodi, na wakati wa mavuno bei inapanda kwa sababu kila mtu anautaka siku ileile.

Wa kwetu ulilala chini ya mwembe tangu baba alipofariki. Misimu mitatu ya mvua ikaunyeshea. Ekseli yake, kama ya mikokoteni mingi huko, ilitolewa kwenye gari bovu, ina habu na beringi kabisa. Nilipofika likizo, magurudumu yote mawili yalikuwa yameganda. Ng'ombe wakivuta, tairi zinaburuzika tu na kuchimba mifereji.

Baba mdogo alishaamua uuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopeleka Kahama. "Mwanangu, chuma kikishakufa kimekufa. Hiyo hela ikusaidie huko chuoni." Alisema kwa nia njema, na ni kweli bumu lilikuwa limeisha zamani. Ila mama alikaa kimya, na mimi nilijua hesabu yake. Kila mavuno alikuwa anakodi mkokoteni na kulipa kwa mpunga, na mpunga huohuo ndio ada ya wadogo zangu. Nikamwomba baba mdogo siku saba. Akacheka, akanipa tano.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Sekondari tulifundishwa hilo kwa misumari: mmoja kwenye maji, mmoja pakavu, mmoja kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta. Swali nilipata. Nilichokuja kukielewa pale chini ya mwembe ni kwamba kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inajijaza kati ya vyuma viwili kama kabari. Ukigonga kwa hasira, unapasua habu na kabari inabaki palepale.

Kwa hiyo siku ya kwanza sikugonga. Nilizuia gurudumu moja kwa mawe, nikainua upande wa pili kwa jeki ya kuazima, nikatoa tairi, nikasugua kutu kwa brashi ya waya. Kisha nikapaka oili chafu iliyochanganywa na dizeli, asubuhi na jioni, pande zote mbili. Siku ya pili nikaanza kugongagonga habu taratibu kuizunguka, ili mtikisiko uifungulie oili njia. Nati kubwa ilipogoma, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha. Nikakaza kidogo, nikalegeza kidogo, nikakaza tena. Siku ya tatu gurudumu la kulia likaguna, likazunguka robo.

La kushoto likagoma mpaka siku ya nne. Hapo ikabidi moto. Tulifuta oili yote ya nje, tukahakikisha tairi na dizeli viko mbali, maana tairi lenye upepo likipata moto linaweza kupasuka na kuua mtu. Tukazungushia habu mkaa. Habu ya nje inapata joto kabla ya ekseli ya ndani, inatanuka, na ule mbano unaachia. Tulipoondoa mkaa, baba mdogo mwenyewe alishika mpini wa spana bila kuombwa.

Beringi za kushoto zilikuwa zimeliwa, mama akauza kuku wawili tukanunua nyingine. Za kulia tuliziosha kwa dizeli na kuzijaza grisi mpya. Siku ya tano jioni mkokoteni ulienda kisimani na kurudi na madumu.

Wiki iliyofuata baba mdogo aliuazima. Mama alimtoza. Bei ya ndugu, lakini alimtoza.

Muda si mrefu naenda BTP. Nikipangiwa mada ya kutu, misumari nitaitumia, ipo kwenye mtaala. Ila swali langu la kwanza kwa wanafunzi litakuwa: nyumbani kwenu kuna chuma gani kimelala, na kilikuwa kinafanya kazi gani? Walimu wenzangu watarajiwa, jaribuni na nyie. Majibu yake hayamo kwenye kitabu.