VIPINDE VIMEJAA, LAKINI HAKUNA KINACHOFUNGUKA



Leo nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu neno hili limenigharimu. Nililipata kwenye ngazi za ploti yetu hapa Umoja Innercore, mahali nilipoaibika mbele ya majirani zangu.

Fungua Biblia yako Waamuzi 16:20. Wacha Delila kando kwanza, yeye tumemhubiri sana. Mwangalie Samsoni akiamka usingizini. Anajiambia atatoka kama siku zile zingine, ajinyooshe, ajikung'ute, Wafilisti watawanyike. Mwili ni uleule, sauti ni ileile. Kitu kimoja tu hakukijua: Bwana alikuwa ameshamwacha. Shika hapo, tutarudi.

Wengi wenu mnajua kanisa lilinichangia tableti. Mlituma kwa M-Pesa, mwingine mia, mwingine hamsini, na Mungu awabariki. Ilikuwa ndiyo imeingia sokoni mwezi huo, hata fundi wangu wa simu alikuwa hajaishika. Nikaiweka Biblia, nikaweka mahubiri yangu, na kila siku saa kumi na moja alfajiri nikawa naitumia kuongoza maombi yetu ya mtandaoni.

Jumanne moja usiku stima zilipotea mtaani, kama kawaida yetu. Zikarudi baada ya saa moja. Jumatano alfajiri nikaamka, nikawasha tableti, nikatazama pale juu. Vipinde vya waifai vimejaa vyote. Nikabonyeza kuingia kwenye maombi. Hakuna. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikajaribu YouTube, hakuna. Nikajaribu ujumbe wa kawaida wa WhatsApp, ukakaa na saa yake ndogo, haukwenda. Mara moja moja kitu kingefunguka nusu, halafu kikakwama. Vipinde navyo vimejaa, vinanitazama.

Mpendwa, unajua mtu wa Mungu akikasirika anatafuta wa kulaumu.

Kwanza nililaumu kuta. Ni kweli kuta za mawe hupunguza nguvu ya waifai, na mlango wa chuma huipunguza zaidi. Lakini nilitoka nikasimama kando ya ruta yenyewe pale chini kwa ngazi, mambo yakawa yaleyale. Kisha nikalaumu majirani. Hilo nalo lina ukweli, kwa sababu kwenye ile masafa ya 2.4 GHz ambayo ruta nyingi hutumia, njia zisizoingiliana kabisa ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na hapa kwetu ukifungua orodha ya waifai unahesabu majina ishirini kabla ya kufika mwisho. Tunabanana hewani kama tunavyobanana kwenye matatu za Jogoo Road jioni. Lakini alfajiri wengi walikuwa wamelala. Na simu ya mke wangu, kwenye waifai hiyohiyo, ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Hapo ndipo ningejiuliza swali. Sikujiuliza. Nilimlaumu kijana wa waifai.

Huyu kijana ndiye ametuwekea mtandao kwenye ploti. Kila nyumba inamlipa kwa mwezi, tunatumia ruta moja. Alikuwa anakuja kanisani zamani, akaacha. Alhamisi jioni nikakutana naye kwenye ngazi, watu wakitoka kazini, na nikamwambia maneno ambayo sitayarudia yote hapa. Nilimwambia anakula pesa za watu. Nilimwambia amenikatia mtandao makusudi. Nilimwambia mtu akimwacha Mungu, hata kazi yake inaoza.

Kijana hakunijibu vibaya. Aliniambia tu, "Pasta, naomba nione hiyo tableti."

Akaingia kwenye mipangilio, akasoma nambari fulani. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa ruta, akalinganisha. Akasema, "Pasta, tableti yako imeng'ang'ania nambari ya juzi. Hii nambari sasa ni ya mtu mwingine."

Nisikilize vizuri hapa, hata kama wewe si mtu wa kompyuta. Alinielezea kwa lugha ya mtaa nikaelewa, na wewe utaelewa.

Kila kifaa kinapoingia kwenye waifai, ruta hukipa nambari. Hiyo ndiyo anwani yake, kama nambari ya nyumba kwenye ploti. Ukituma kitu au ukiomba kitu kwenye intaneti, jibu linarudi kwa hiyo nambari. Lakini kifaa hakipewi nambari iwe yake milele. Hukodishiwa. Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa siku nzima, kulingana na ruta ilivyopangwa. Na kifaa chenye akili hakingoji kodi iishe. Kwa kawaida nusu ya muda ikifika, kinarudi kwa ruta kuomba: niongezee. Ruta ikikubali, kodi inaanza upya. Isipokubali na muda ukaisha, kifaa kinatakiwa kuiachilia hiyo nambari na kuomba nyingine.

Sasa stima zilipopotea Jumanne, ruta yetu ilizimika. Ilipowaka ilikuwa imesahau nani alipewa nini, ikaanza kugawa nambari upya. Simu zingine ziliporudi kwenye mtandao ziliomba upya. Tableti yangu ina betri, ilikuwa imelala mezani. Ilipoamka haikuomba chochote. Ilirudi na nambari ya Jumanne kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ile nambari ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Wapangaji wawili, nambari moja ya mlango. Barua inaletwa, leo inaangukia huyu, kesho yule, na hakuna kati yao anayepata barua zote.

Nikauliza, "Huyo mwingine ni nani?"

Akasoma jina la simu. Ilikuwa ya binti ya mama wa ghorofa ya pili.

Na huyo mama alikuwa amesimama hapo hapo kwenye ngazi na mfuko wake wa mboga. Akasema polepole, "Kumbe. Jumatano saa nne alikuwa na mahojiano ya kazi kwa simu, ya video. Ilikatika mara nne. Alipopata mtu wa kumkopesha pesa za bando, wale watu walikuwa wamefunga."

Mpendwa, nilitamani ngazi zifunguke zinimeze.

Kumbuka, tableti yangu haikuwa imekufa. Kama ingekuwa imezimika kabisa, yule binti angefanya mahojiano yake kwa amani. Madhara yalitoka kwa kifaa kilichojaa vipinde, kinachoonekana kimeunganishwa, kinachong'ang'ania kitu ambacho muda wake uliisha.

Usiku huo nilisoma zaidi, nikakuta jambo hili halikuanza na mimi. Aprili 2010, Apple ilipoanza kuuza iPad ya kwanza Marekani, watu walipanga foleni kuipata. Mwezi huohuo Chuo Kikuu cha Princeton, kule New Jersey, kikagundua kwamba baadhi ya tableti hizo zilikuwa zikiendelea kutumia anwani baada ya muda wa kukodishwa kuisha, bila kuomba upya. Chuo kililazimika kuzifungia zile zilizokosea zisiingie kwenye mtandao wake, kwa sababu zingevuruga vifaa vya wengine. Kifaa kipya kabisa, cha bei, cha kusifiwa, na bado kinazuiwa mlangoni kwa sababu hakikujua kodi yake imeisha.

Sasa turudi kwa Samsoni.

Samsoni aliamka na nambari ya juzi. Alidhani ilivyofanya kazi Gaza, alipong'oa milango ya mji, ndivyo itakavyofanya kazi leo. Hakuuliza. Hakurudi kuomba. Na ona, aliomba lini tena? Baada ya macho kutolewa, akiwa katikati ya nguzo mbili. Mungu wetu ni mwema, alimjibu hata hapo. Lakini mpendwa, kwa nini tungoje macho yatolewe ndipo tuombe?

Na mana je? Kutoka 16, wana wa Israeli walikusanya ya siku. Aliyeweka hadi asubuhi aliikuta imeoza na kuingia wadudu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Ilikuwa mana ya kweli, ilitoka kwa Mungu. Ilikuwa ya jana tu.

Sasa nitakuambia ukweli wangu, kwa sababu nikikuficha nitakuwa nimeandika hadithi ya tableti tu.

Ile Alhamisi usiku nilikaa mezani, mke wangu akaniuliza swali moja. "Baba, wewe mwenyewe uliomba lini? Si kwenye simu na watu. Wewe na Mungu."

Sikuwa na jibu. Nilihesabu nyuma nikapita wiki, nikapita mwezi. Nilikuwa naongoza maombi kila alfajiri na mimi mwenyewe sikuwa naomba. Nilikuwa nahubiri kutoka kwa maandishi ya mwaka juzi, nabadilisha mifano. Watu walikuwa wanasema amina, na mimi nikaona amina zao nikadhani ni nguvu. Vipinde vimejaa. Na nilipofinywa kidogo, kilichotoka mdomoni mwangu kwenye ngazi zile si Roho Mtakatifu. Kijana aliyeacha kanisa alisimama pale kwa upole, na mchungaji ndiye aliyekuwa anapiga kelele.

Na kama tableti yangu ilimkosesha binti wa watu kazi, mchungaji mkavu amewakosesha wangapi? Kuna mama aliniomba nimwombee mwanawe, nikamwandikia "tuko pamoja kwa maombi" na nikafunga simu. Hayo yalitoka kwa jina la Mungu, kwa nambari ambayo muda wake ulikuwa umeisha.

Sisi wa Eastlands tuna mtaa unaitwa Jerusalem na mwingine unaitwa Jericho. Mtu anaweza kulala Jerusalem maisha yake yote na asimjue Mfalme wa Yerusalemu. Vivyo hivyo unaweza kukaa kanisani, kwaya, uongozi, hata madhabahuni, na ukawa karibu sana na ruta bila chochote kupita.

Dawa ilikuwa nini? Kijana alibonyeza mahali pameandikwa kusahau mtandao huu. Tableti ikaachilia kila kitu. Vipinde vikapotea kabisa. Nikashtuka kidogo, nikaona kama ameiharibu. Kisha akaweka nenosiri upya, tableti ikaomba kama mgeni anayekuja mara ya kwanza, ikapewa nambari mpya. Kila kitu kikafunguka. Akaniambia pia niwe nasasisha programu, kwa sababu vifaa vipya hutoka na makosa ambayo watengenezaji hurekebisha baadaye.

Ilichukua dakika mbili. Kilichokuwa kigumu ni kukubali vipinde vipotee kwanza.

Ndivyo ilivyo na kutubu. Lazima ukubali kuonekana huna. Lazima wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa maombi, wewe mchungaji mwenzangu, upige magoti kama mtu aliyeokoka jana. Na Mathayo 5:23-24 Bwana anatuagiza tuiache sadaka madhabahuni, twende tukapatane na ndugu kwanza. Kwa hiyo Jumamosi jioni, saa ileile ya watu kutoka kazini, nilisimama kwenye ngazi zilezile. Nilimwomba yule kijana msamaha kwa sauti, kama nilivyomtukana kwa sauti. Nilienda ghorofa ya pili nikaomba msamaha huko pia.

Sitakudanganya kwamba yote yamepona. Wale wa kazi hawajampigia yule binti, tunaendelea kumtafutia. Kijana hajarudi kanisani. Alinisalimia tu, akasema, "Imeisha, pasta." Sijui kama imeisha moyoni mwake, na sina haki ya kumharakisha. Lakini mimi kila siku saa kumi usiku, kabla sijafungua tableti, napiga magoti bila kifaa chochote. Siku zingine nakosa maneno. Nakaa tu hapo naomba niongezewe.

Mpendwa unayesoma, usingoje kodi iishe. Kifaa kizuri hurudi nusu ya muda. Rudi ukiwa bado una nguvu, ndoa bado ina amani, huduma bado inasifiwa. Jiulize leo: ni lini mara ya mwisho nilimwomba Mungu upya, bila watu kuniona? Na nani kwenye ghorofa ya pili ya maisha yangu anakatikiwa kwa sababu mimi sitaki kukubali kwamba nimeishiwa?

TUOMBE: Baba, nimeishi na neema ya jana nikaiita ya leo. Naachilia. Nisamehe, na uwaponye wale niliowaumiza nikiwa nimejaa vipinde. Nipe upya leo, na kesho nirudishe tena kuomba. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema AMINA. Na kabla hujamtumia mtu mwingine ujumbe huu, kuna mtu mmoja unajua unafaa kumpigia simu. Anza na huyo.

Tukutane kesho alfajiri. Mchungaji wenu, Umoja.