Somo la wiki ya tisa
Tangu nianze kurekodi video, kila Ijumaa naandika nilichojifunza. Cha wiki hii ni aibu.

Kwenye video ya Git nilisema: ukikataliwa kupandisha kazi yako, tumia tu git push --force. Mtazamaji mmoja akanisikiliza, akafuta kazi ya mwenzake ya siku mbili kwenye seva. Nilitaka kuiondoa video kimyakimya. Mwishowe nikampigia simu. Bahati nzuri, mwenzake alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake, tukairudisha.

Kumbe ipo --force-with-lease, ambayo hugoma kama kuna mtu amepandisha kazi ambayo hujaichukua. Mimi mwenyewe niliijulia hapo!

Nimerekodi upya, kosa nikalitaja mwanzoni. Watazamaji 41 hadi sasa. Ile mbovu ilikuwa imefika 600.