Kijana wa Milanzi na Lugha ya Kikorea

Milanzi ni mahali pa Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, ambako mwezi wa Juni baridi huwafanya watu kuota moto tangu jua kuchwa. Hapo alikaa kijana mmoja aliyekwisha maliza masomo ya sekondari. Alikuwa amesikia kwamba Serikali ya Korea ya Kusini huwapa vijana wa nchi nyingi nafasi ya kusoma katika vyuo vyake vikuu. Kwanza hufundishwa lugha kwa mwaka mmoja, na yawapasa kupata daraja la tatu katika mtihani wa lugha kabla ya kuingia katika masomo yenyewe. Mwaka mmoja ni mfupi. Basi akaona heri aanze nyumbani.

Herufi hazikumsumbua. Zilitungwa na mfalme Sejong mwaka 1443, zikatangazwa mwaka 1446, kwa sababu watu wa kawaida walishindwa kusoma maandishi ya Kichina yaliyotumika zamani. Leo herufi za msingi ni 24 tu, na kijana alizijua kwa majuma mawili. Kazi ilikuwa katika vitenzi.

Akavifunga vitenzi hivyo katika kazi zake za kila siku. Akiamka alisema ireonada, yaani kuamka. Akinywa maji, masida. Akienda shambani kupalilia maharage, gada. Akirudi nyumbani, oda. Jioni akila ugali alisema meokda, na akilala, jada. Mama yake alimsikia akisema peke yake njia ya kisimani, akadhani mwanawe ana homa.

Tazameni neno moja. Vitenzi vyote hivyo huishia na da, kama vile vya Kiswahili vinavyoanza na ku. Mtu akitaka kusema, huiondoa da na kutia mwisho mwingine. Gada huwa gayo, na meokda huwa meogeoyo. Lakini hapo kijana alishangaa. Mswahili husema naenda, waenda, aenda, twaenda, na kila mmoja hujulikana kwa herufi za mbele. Mkorea husema gayo tu, naye msikilizaji hufahamu kwa mambo yalivyo kama ni mimi, ni wewe au ni wale. Tena kitenzi hukaa mwisho wa maneno yote. Hawasemi “nanywa maji” bali ni kama kusema “maji nanywa”. Na kwa kuwa kukana nako huweza kuja mwisho kabisa, anayemkatiza Mkorea kabla hajamaliza huenda asijue kama maji yalinyweka au yalikataliwa.

Hata hivyo, kitenzi hicho kisichomtaja mtendaji hakikosi kusema habari zake. Humtaja kwa heshima. Kijana akila mwenyewe, au akila rafiki yake, neno ni meogeoyo. Akila mzee, neno ni lingine kabisa, deuseyo. Rafiki akilala ni jayo. Babu akilala ni jumuseyo. Rafiki akiwapo nyumbani ni isseoyo. Mzee akiwapo ni gyeseyo. Wala mtu hajitilii mwenyewe heshima hiyo. Kijana wetu, kwa kutaka adabu nyingi, alipata siku nyingi kusema “mimi deuseyo”, ambayo ni kujikweza mbele za watu.

Siku hizo palikuwa na mzee mmoja Mkorea aliyekuja mjini Sumbawanga kwa kazi yake. Kijana akaenda kumwamkia. Alimwita harabeoji, maana yake babu, kwa kuwa Wakorea nao humwita hivyo mzee yeyote, hata asiye wa ukoo. Mzee akafurahi sana. Wakazungumza kidogo, kijana akinena vitenzi vyake kimoja kimoja, kama mtu avukaye mto kwa mawe.

Wakati wa kuondoka ulipofika, alisimama mlangoni, akainama, akasema kwa sauti kubwa: “Annyeonghi gaseyo!” Mzee akamtazama, kisha akacheka hata machozi yakamtoka. Kwani Wakorea wana maagano mawili. Anayebaki humwambia anayekwenda, Nenda salama, ndiyo gaseyo. Anayekwenda humwambia anayebaki, Kaa salama, ndiyo gyeseyo. Kijana alikuwa amemfukuza mzee katika nyumba yake mwenyewe, tena kwa heshima zote!

Alirudi Milanzi kwa aibu, na njia nzima alirudia maneno yale mawili, gaseyo, gyeseyo, mpaka ulimi ukachoka. Aibu ilimwuma zaidi kwa sababu jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Tangu utoto alikuwa akiwasikia wazee wakiagana hivyo, huyu akimwambia mwenzake nenda salama, na yule akijibu kaa salama. Alilitafuta mbali neno ambalo maana yake ilikuwa mlangoni pake.

Juma lililofuata alikwenda tena. Alipoondoka aliinama, akasema polepole: “Annyeonghi gyeseyo, harabeoji.” Mzee akajibu, “Annyeonghi gaseyo.” Kisha, kijana akiwa amekwisha fika uani, mzee akamwita arudi, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Na Kifipa? Wewe kwenda, mimi kukaa, watu husemaje?”

Kijana akarudi ndani. Mzee alikuwa amekwisha shika kalamu.