Risasi Moja kwa Pori Zima

Bunduki huchaguliwa mezani, lakini hutumika porini. Mezani mtu ameshiba, ametulia, mbele yake pana karatasi yenye takwimu za kasi na uzito, na mnyama aliye kichwani mwake amesimama ubavu, mahali peupe, mita themanini. Porini ni saa nane mchana, mbung'o wamemmaliza shingo, maji ya chupa yamekuwa ya moto, na mnyama aliyemkuta siye aliyemfuata. Katika miaka niliyofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania nimeona mengi yakiharibika, na mara nyingi yalikwisha kuharibika mezani, siku mtu alipochagua.

Ukiishika mkononi risasi ya .375 H&H Magnum, unaanza kuuona urefu wake. Nzima, toka kitako hadi ncha, inapita sentimita 9. Ganda lake la shaba linapungua unene taratibu kuelekea juu, na karibu na kitako limevikwa mkanda mwembamba wa shaba ileile. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, enzi ambazo baruti ya kodaiti iliwekwa ndani ya ganda kama tambi zilizofungwa fungu moja. Baruti ile iliathiriwa na joto: bunduki iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza iliweza kupandisha mgandamizo kwenye jua la Afrika, ganda likang'ang'ania ndani ya chemba. Ganda linalopungua unene huingia kwa wepesi na kutoka kwa wepesi. Mimi naona hapo akili ya watu waliofikiria siku mbaya: siku ambayo risasi ya kwanza haikutosha, mnyama bado yuko kwa miguu yake, na mkono unatetemeka ukikoki ya pili.

Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19 na ushee, na hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde. Kikiwa kigumu kinapenya hadi kwenye ubongo wa tembo. Kikiwa na ncha laini kinamtosha mbogo, simba na pofu. Weka kichwa chepesi zaidi, kama gramu 17, nawe unaweza kumpiga tandala ng'ambo ya bonde, maana kinasafiri karibu sawa na cha .30-06, risasi inayojulikana kwa wanyama wa kawaida. Sijui mnyama hata mmoja ambaye .375 ndiyo bora kwake kuliko zote. Kwa swala pala ni kubwa mno. Kwa mbogo wa kichakani, .416 Rigby ya mwaka 1911 hurusha kichwa cha gramu 26, na anayeitaka ana hoja. Lakini sheria za Tanzania, na za nchi kadhaa za kusini mwetu, zimeifanya .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na hapo ndipo thamani yake ilipo: inaanzia pale ambapo usalama unaanzia, na bado inaweza kwenda kumtafuta ngiri wa kitoweo.

Niliuelewa uzito wa jambo hili kwenye pori la Rungwa. Tulitoka alfajiri kumtafuta palahala, mgeni akiwa na bunduki nyepesi ya milimita 7, nzuri kabisa kwa palahala. Mbele alikuwa mzee mmoja wa Kikimbu aliyefuata nyayo tangu kabla sijazaliwa. Tulipokaribia korongo kavu aliinua kiganja, akachuchumaa, akatuonyesha kwenye mchanga unyayo wa mbogo dume, mguu mmoja ukiburuzwa. Kabla hatujarudi nyuma alitoka. Waya wa mtego wa majangili ulikuwa umemzama juu ya kwato, mguu umevimba hadi goti, na macho yake hayakuwa na shida ya kujua nani alimtega na nani hakumtega. .375 iliyokuwa begani mwangu ilimsimamisha, ya kwanza kifuani, ya pili alipopiga magoti. Mgeni alikuwa bado anatafuta mbogo ndani ya darubini iliyowekwa kwa masafa ya mbali. Alichokiona ni manyoya meusi tu.

Mzee alikaa juu ya kichuguu, akawasha sigara yake, akaniambia, "Mwanangu, pori halisomi kibali chako." Kwenye kibali tulikuwa tumeandikiwa palahala. Mbogo hakuwamo.

Tangu hapo najiuliza swali tofauti na lile la mezani. Mezani watu huuliza: ninamtaka nani? Ningependa waulize: nani anaweza kunikuta? Maana tunachokitaka tunakijua, na kwa kawaida tunakipangia vizuri. Kinachotuumiza hutokea ubavuni wakati tunakifuata kile kingine.

Hapo ndipo wengine hukimbilia upande wa pili. Nimepokea wageni wenye .458 na hata kubwa kuliko hiyo, wamezinunua kwa sababu ya hofu, na hofu yenyewe ikahamia kwenye bunduki. Siku ya kwanza kambini hupigwa karatasi kwanza kabla ya mnyama. Unamwona mtu analaza shavu kwenye kitako, anavuta pumzi, na nukta moja kabla ya kuvuta kifyatulio jicho linafumba na bega linarudi nyuma. Risasi inapiga chini kushoto, kiganja kizima nje ya duara. Kesho yake kiganja hicho ni tofauti ya moyo na tumbo, na mbogo aliyepigwa tumboni ni kazi ya watu wote kambini, wakiwemo wafuata nyayo ambao hawakushauriwa wakati bunduki inanunuliwa. Nguvu unayoiogopa haijawa yako.

Watu humtaja W.D.M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya 7x57 yenye kichwa kidogo cha gramu 11. Kuna wanaoisimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba ukubwa wa risasi si kitu. Mimi nasoma jingine. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alifanya mazoezi ya kulenga. Bunduki ile ndogo aliijua kuliko wengi tunavyozijua zetu. Anayetaka kuchukua risasi ya Bell, achukue kwanza msumeno wake. Na idadi ile ya tembo hainipi furaha. Nakitamani kile kiganja cha mkono kilichotulia, si yale meno.

Nimelibeba jambo hili nje ya pori pia. Kaka yangu alipostaafu alipewa nafasi ya kuchukua mkopo wa lori kubwa la mizigo. Tulikaa naye jioni nzima. Lori lilikuwa zuri siku za mavuno. Sikumsikia mtu akizungumzia masika, barabara ikiwa tope na marejesho ya mkopo yako palepale. Akachukua gari dogo, linalobeba mahindi, linalobeba matofali, na likiharibika fundi wa mtaani analifungua. Wengine waliliona ni uoga. Mimi niliona mtu anayelijua bega lake.

Hata urafiki ninaupima hivyo siku hizi. Wapo marafiki wa sherehe tu, na wapo wa msiba tu. Yule anayeweza kukaa nami katika yote mawili, hata kama si mcheshi kuliko wote wala tajiri kuliko wote, ndiye ninayemtunza.

Sasa mpwa wangu anajiandaa kwa mtihani wa uwindaji bingwa, naye amenipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nataka .416. Wenzangu wanasema .375 imepitwa na wakati." Nikamwambia imepitwa na miaka zaidi ya mia moja, na bado risasi zake zinapatikana katika maduka na kambi nyingi za Afrika kuliko za hiyo anayoitaka; mzigo ukipotea uwanja wa ndege, mwenye .375 ataazima na kazi itaendelea. Akanyamaza kidogo. "Lakini mjomba, wewe ungekuwa na nafasi ya kuchagua upya?"

Nimemwambia aje mwisho wa mwezi. Nitaazima .416 kwa rafiki yangu, nitaiweka kando ya .375 yangu, na atapiga zote mbili akiwa amesimama, baada ya kukimbia hadi kwenye mbuyu na kurudi, jua likiwa utosini. Nitasimama ubavuni kwake na sitaiangalia karatasi. Nitaangalia jicho lake. Ile ambayo jicho litabaki wazi hadi mlio, hiyo nitamsaidia kuinunua, hata ikiwa ni .416.